Chumba cha Arruk

Maji yalikuwa yamekupwa, na Ketse alikuwa ameinama mwambani akibandua kombe kwa jiwe la ncha, kikapu kimefika nusu, Tebbe alipoteremka kumwambia kwamba kaburi la Mgongoni limeongeza chumba.

"Upande gani?" aliuliza Ketse.

"Mwishoni. Upande wa huku kwetu."

"Kikubwa?"

"Cha mtu mmoja. Ukuta umesogea, mawe mawili yamesimama yenyewe. Uzkar alikuwa anawapelekea wazee wao waliolala humo uji wa asubuhi, akajigonga paji la uso. Ana nundu hii hapa." Tebbe alionyesha kwa kidole. Alikuwa mdogo wake marehemu Arruk, mume wa Ketse. Mtu wa shingo nene, amevuta kamba tangu ujana. "Hiyo nundu angalau imenifurahisha, shemeji."

Ketse hakupanda mara moja. Maji yalikuwa yameanza kurudi, akajaza kikapu kwanza, akamwachia nyumbani binti yake Emmi, akanawa mikono.

Kisiwani kwetu, mwenye mifupa ya mtu wake ndani ya kaburi la Mgongoni ana kipande cha kulima Mteremkoni. Asiye nayo anakula kombe. Sisi wa Ufuoni tunakula kombe. Ndio tunaopasua mabamba ya mawe pwani, ndio tunaoyaburura mpaka juu kwa kuyatelezesha kwenye mwani mbichi, ndio tunaoyasimamisha. Halafu tukifa tunalazwa Mwamba wa Nje, tuliwe na shakwe. Watu wa Mgongoni huona huo ni utaratibu mzuri sana. Wao hawajavuta hata jiwe la kukalia, ila wakikukuta umekaa juu ya moja watakuuliza umeruhusiwa na nani.

Vuli iliyotangulia walitaka bamba jipya la paa, na mvua ilikuwa inanyesha, na wanaume wa Ufuoni walitupa kamba chini wakasema hawavuti, wataumia. Ndipo Galbe, mama anayetawala Mgongoni, akateremka mwenyewe, akachovya mkono kwenye majivu, akaupiga juu ya bamba mbele ya watu wote. "Atakayekufa kwa jiwe hili ataingia ndani," alisema. Hilo halijawahi kusemwa. Wanaume walitazamana, wakaokota kamba. Karibu na kilele kamba ikakatika, bamba likarudi nyuma likamkanyaga Arruk nyongani. Alikufa kesho yake. Galbe alipokumbushwa kiapo chake hakukana hata kidogo.

"Mimi neno langu ni neno," alisema. "Lakini ataingia wapi? Vyumba vyote vina wenyewe. Nimpakate?"

Kwa hiyo Arruk alilazwa Mwamba wa Nje kama sisi wengine. Ketse alipanda Mgongoni majira yote ya baridi, akaambiwa majira yote ya baridi kwamba hakuna nafasi. Hakuwa anaomba mengi. Alitaka kipande kimoja cha Mteremko kwa ajili ya Emmi, apande shayiri, asije akazeeka na meno yaliyosagika kwa mchanga wa kombe kama yake.

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Galbe alikuwa ameketi mlangoni pa kaburi na bakuli la uji, mwanawe Uzkar kando yake ameshika nundu. "Umekuja," Galbe alisema, kama mtu aliyeletewa mzigo. "Haya, tuingie tukaone."

Kaburi limejengwa kama nyumba zetu, refu na la chini, ila mlango wake ni mdogo, hata mtu mzima huingia kwa tumbo. Ndani, mabamba yamesimama mawili mawili, moja limetokeza ukuta wa kulia na jingine wa kushoto, yakitazamana, na kati ya jozi na jozi ndiyo vyumba. Kila chumba kina kitanda cha jiwe. Kuta zake zinapanda kwa kuinamiana, kila jiwe limetokeza kidogo kuliko la chini yake, mpaka pengo linakuwa dogo na bamba moja la paa linalimaliza. Walitambaa wakivipita vyumba vya Mgongoni kimoja kimoja, Galbe akiwasalimu wafu wake kwa majina, mpaka wakafika cha mwisho.

Kitanda chake kilikuwa kirefu kuliko vingine vyote, maana Arruk alikuwa mrefu. Upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea, mahali ambapo nyonga iliyovunjika ingekaa bila kuuma. Galbe alipabonyeza kwa kiganja.

"Ni cha Arruk," alisema. "Hapa hakuna ubishi."

Ketse alianza kulia. Galbe alinyoosha kidole juu. Kuta zilikuwa zimepanda zikainamiana vizuri, ila pengo la kati lilikuwa wazi, na kondoo mmoja alikuwa amesimama ukingoni akiwachungulia.

"Lakini hakina paa," Galbe alisema. "Na mtu aliyelala chini ya anga hajaingia, yuko nje. Kama ni kulala chini ya anga, huko Mwamba wa Nje pana ubaya gani? Leteni paa."

Tulileta paa. Mabamba ya pwani yetu hupasuka kwa tabaka ukiyagonga vizuri kwenye mshono, na hilo lilitoka safi. Wanawake walitandaza mwani mbichi kutoka ufuoni hadi juu, wakiumwagia maji usikauke, na wanaume wakaingia kwenye kamba. Ketse alikamata mahali pa mumewe, nyuma ya Tebbe. Hakuna aliyemwambia atoke. Bamba liliwekwa, watu wa Mgongoni wakachinja ng'ombe kama desturi inavyotaka, na wakati sisi tunakula, Galbe aliingia kaburini na kikapu, akahamishia mifupa mingine kwenye chumba kile.

"Mama Galbe," Ketse alimwambia, "hicho ni chumba cha mume wangu."

"Nani kakataa? Kinaitwa Chumba cha Arruk, na kitaitwa hivyo hivyo. Nimemlaza dada yangu apumzike kidogo. Kule alikuwa amebanwa na mawifi zake, na unajua walivyokuwa hawapatani."

"Uliapa."

"Niliapa ataingia. Nilisema leo?" Galbe alijipangusa vumbi magotini. "Una haraka gani wewe mwanamke? Mwenyewe wala hana haraka."

Watu wa Mgongoni walicheka. Nasema wazi kwamba na Ufuoni wapo waliocheka, maana nyama ilikuwa bado inagawiwa.

Mwezi ulipoandama, kaburi liliongeza chumba kingine. Kilikuwa na kitanda kirefu kile kile, kimebonyea kushoto, na kuta mbili zinazoinamiana, na hakikuwa na paa. Tulivuta paa. Galbe alimlaza humo mjomba wake. Mwezi uliofuata kikaja kingine, tukavuta, wakamlaza mkwe wa mjomba. Baada ya hapo Mgongoni waliishiwa wafu waliobanwa, na chumba kilichofuata Uzkar akamlaza mbwa wake.

Emmi alikuwapo siku hiyo, mabega yamechubuliwa na kamba. "Mbwa wako alivuta jiwe lipi?" alimuuliza.

"Alikuwa akibweka mkivuta," alijibu Uzkar.

"Na baba yangu?"

"Baba yako yuko kwenye hesabu. Nafasi ikipatikana ataingia."

"Hii si ndiyo nafasi?"

"Hii ina mbwa," alisema Uzkar, kwa upole kabisa, maana alikuwa anamwonea huruma kwa kutoelewa.

Kilichokuja baadaye walikitia mbegu za shayiri, kwa kuwa ni pakavu. Wakazoea. Uzkar alianza kuwaahidi watu vyumba kabla havijaota, na wageni wa visiwa vya jirani walipokuja aliwapeleka wakaone jinsi kaburi la mama yake linavyostawi. Vyote viliitwa Chumba cha Arruk. Mtu aliweza kusema, niletee mbegu kutoka Chumba cha Arruk cha tano, na akaeleweka.

Kila lilipoongeza chumba, kaburi lilishuka kidogo kwenye Mteremko kuelekea kwetu, likipita katikati ya kile kipande cha chini chenye mawe mengi ambacho hupewa aliyeingia mwisho. Galbe alilitazama jambo hilo akaona halina neno. "Linakula kile kile ambacho kingekuwa cha Arruk," alisema. "Mimi sijapoteza kitu."

Sasa sikiliza lililonikera mimi zaidi, zaidi hata ya yule mbwa. Mabega yetu yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na mtu wa kukusanya kombe, hapakuwa na wa kusuka nyavu, kila mwezi ni bamba, kila mwezi ni mwani. Na Ufuoni wakaanza kumchukia nani? Ketse. Galbe alikuwa mbali, ana ng'ombe, ana wana. Ketse alikuwa hapa hapa, mjane, na mumewe ndiye aliyekuwa anatakiwa na kaburi. Waliolia naye kwenye msiba sasa walimpita mwambani bila salamu. Waliacha kumpa kaa la moto. Asubuhi alikuta maganda ya kombe yamemwagwa mlangoni pake, na siku nyingine yalikuwa si maganda tu.

Tebbe naye alikuja, akakataa kuketi.

"Shemeji, mwambie kaka atosheke."

"Mwambie wewe. Ni kaka yako."

"Nimekwenda Mwamba wa Nje nimemsihi, hanisikii. Hebu tazama bega hili. Tazama! Na mke wangu ana mimba anabeba mwani."

"Galbe akimwingiza, kaburi litanyamaza. Mbona humwendei Galbe?"

Tebbe alitazama pembeni. "Galbe ni mtu mgumu," alisema. "Wewe tunakujua." Alisimama kidogo akichezea ukingo wa mlango. "Kuna watu wanasema, mifupa ikitupwa baharini kaburi halitakuwa na wa kumtafuta. Sisemi mimi. Nakuambia tu wanavyosema."

"Ni nani hao?"

"Watu."

"Toka nyumbani kwangu, Tebbe."

Alitoka. Maji yalipokupwa, Ketse na Emmi walivuka mpaka Mwamba wa Nje na kikapu cha kombe. Shakwe walikuwa wamemaliza kazi yao zamani. Walimwokota Arruk mfupa kwa mfupa, Emmi akipigwa na mawimbi mpaka kiunoni kwa ajili ya vidole vya mguu vilivyokuwa vimebingirika kwenye ufa wa mwamba, wakamleta nyumbani. Walimpanga kwenye rafu ya jiwe iliyo mkabala na mlango, fuvu katikati. Ketse alimwekea kombe kidogo. Usiku ule walilala watatu.

Kaburi liliendelea kushuka, na sisi kuvuta. Mwisho wa kiangazi lilikuwa limefika kwenye jaa la maganda nyuma ya nyumba ya Ketse, na hakuna aliyemshauri ahame, kwa kuwa walikuwa hawamsemeshi.

Asubuhi moja Ketse aliamka akakuta mabamba mawili yamesimama kati ya jiko na rafu, yakitazamana. Emmi alikwenda mlangoni, akakuta ukuta. Mlango wao wa siku zote, wa kuelekea baharini, ulikuwa umejengwa jiwe juu ya jiwe, kazi nzuri, bila pengo la kupitisha kisu. Ukuta wa nyuma ndio uliokuwa umefunguka, na huko kulikuwa na ujia mrefu wenye giza, unapanda.

"Mama, tumezibiwa," alisema Emmi.

"Hatujazibiwa. Tumo ndani," alisema Ketse, akachukua kitana cha mfupa akachana nywele. Alikuwa na furaha. Alichana vibaya, akarudia.

Kisha akasimama chini ya tundu la moshi akaita mpaka Tebbe akaja juu ya paa. "Nenda kwa Galbe," alimwambia. "Mwambie aje aone chumba kipya. Na wewe ukirudi, kaa hapo hapo na wenzako msikilize."

Galbe alikuwa mzee, na njia ya kufika ilikuwa moja tu, mlango wa Mgongoni. Alitambaa kaburi zima, Uzkar akimsukuma nyayo, akapita wazazi wake, akapita dada yake na mjomba wake na mkwe na mbwa na mbegu, akatokeza kwenye jiko la Ketse jua limefika katikati. Aliomba maji, Emmi akampa. Alikunywa yote, akajikokota mpaka kwenye rafu, akamtazama Arruk usoni. Alimjua kwa jino lake la mbele lililovunjika.

"Yumo," alisema.

"Sema kwa sauti," alisema Ketse. "Kuna watu juu."

"Yumo!" Galbe alipaza sauti kuelekea tundu la moshi. "Arruk yumo ndani ya kaburi la Mgongoni, na mimi Galbe nimemwona kwa macho yangu. Mmesikia huko?"

Juu walisema wamesikia. Ketse alikaa chini palepale alipokuwa, akalia kwa nguvu, bila kujificha, na Emmi akamshika kichwa.

"Na kipande chetu?" aliuliza Emmi.

"Kipande ni halali yenu kuanzia leo, nani atawanyima?" alisema Galbe. "Ni cha chini, cha aliyeingia mwisho. Kaburi limekikalia. Mkiweza kulisogeza, limeni."

Galbe alikuwa ameshageukia jiko. "Na huu moto je?"

"Ni moto wa kupikia," alisema Ketse.

"Kaburini hakupikwi. Uzimeni. Tena mtoke kabla ya jua kuzama. Aliye hai anaingia kusalimu, halali humu. Hilo mnalijua."

"Hii ni nyumba yangu, mama Galbe. Nilizalia humu."

"Ilikuwa nyumba yako. Umeniita mwenyewe nije nikubali kwamba ni kaburi. Nimekubali, mbele ya watu wako, kwa sauti, ulivyotaka. Sasa unataka nikatae?" Galbe alikuwa amekasirika kweli, kwa sababu magoti yalikuwa yanamuuma na alikuwa hajaona shukrani. "Watu wa Ufuoni hamridhiki. Mpeni hiki mtataka kile. Uzkar, nigeuze."

Ketse alitazama juu kwenye tundu la moshi. "Tebbe!" aliita. "Tebbe, umesikia anachosema?"

"Nimesikia, shemeji," ilijibu sauti ya Tebbe. "Angalau hiki ni cha mwisho."

Emmi ndiye aliyemwaga maji jikoni, Uzkar akisimamia mpaka moshi ukakatika. Walichukua ngozi za kulalia, chungu, na kikapu. Ketse alitaka kumbeba Arruk, mikono ikafika mpaka rafuni, ikarudi. Akitoka naye atakuwa nje. Alimrudishia kombe zake karibu na taya, akapiga magoti, akaingia kwenye ujia nyuma ya binti yake.

Walitambaa wakipanda, wakisukuma chungu mbele yao. Vyumba vilikuwa vinafuatana, vitanda virefu vilivyobonyea kushoto, vya chini vina mbegu, na vya juu mtu mfupi wa Mgongoni amelazwa katika kila kimoja, hafiki hata nusu. Emmi alipompita mbwa alimpiga teke. Mama yake alisikia mifupa ikibingirika, akaendelea kutambaa.

Mlangoni watu wa Mgongoni walikuwa wanakula. Waliwasogezea miguu wapite. Mmoja alisema, "Rudishieni jiwe la mlango, upepo unaingia," na Emmi akalirudishia. Uzkar aliwafuata hatua chache kuwaambia kwamba lile paa la nyumba yao, la nyasi na mbavu za nyangumi, halihesabiki, chumba kinahitaji bamba kama vingine, na Ufuoni wameshaambiwa waanze alfajiri. "Ni la kwenu hili," alisema. "Vuteni kwa moyo."

Waliteremka kwa nje, wakifuata ukuta wa kaburi upande wa kulia. Ni mwendo mrefu siku hizi. Walikuta watu wa Ufuoni wanaingia majumbani mwao, na hakuna mlango uliosubiri. Mke wa Tebbe aliwatazama, akaweka mkono tumboni, akaingia ndani.

Basi walitandika ngozi chini, wakaegemea ukuta wa nyumba yao kwa nje, mahali ambapo kwa ndani palikuwa na jiko. Mawe yalikuwa bado na joto. Emmi aliweka mgongo, kisha akageuka akaweka shavu, akalala hivyo. Ketse aliweka viganja vyote viwili na hakulala. Kulipoanza kupambazuka mawe yalikuwa yamepoa, na Tebbe alikuwa tayari chini kwenye maji, anapakia mwani.